Gari ndogo za mbio ku soko la okazio: bei inavuta, lakini nani anapima motere na karatasi?

Ziko fupi, rangi inang'aa, bomba ya moshi inanguruma. Vijana wengi wa miji ya mashariki ya Kongo wanazitamani: Suzuki Swift Sport, Toyota Vitz RS, Toyota RunX, na mara moja moja Volkswagen Golf GTI. Mingi kati ya gari hizi zilishatembea miaka kumi ao zaidi katika inchi ingine mbele ya kufika huku. Mununuzi analipa franga ku mukono, hapewi garanti yoyote, na kosa likionekana kesho yake, mwenye kuuza haonekani tena. Kwa hiyo kazi yote ya kupima inabaki juu ya mununuzi, na inapashwa kufanyika mbele ya kutoa franga, hapana nyuma.

Ni gari ya namna gani?

Ukiziangalia toka mbali, ni kama zile gari ndogo za kupeleka watoto ku masomo: milango mitatu ao mitano, na mulango wa nyuma unaofunguka pamoja na kioo chake. Tofauti iko ndani. Kiwanda kiliweka motere yenye nguvu zaidi, freni zenye kushika zaidi na amortisere ngumu. Swift Sport ya mwaka 2005 mpaka 2010, kwa mufano, iko na motere ya litre 1,6 yenye nguvu ya farasi 125. RunX ile yenye kuitwa Z Aerotourer, ya miaka 2001 mpaka 2006, iko na litre 1,8 na farasi 190. Golf GTI ya kizazi cha tano iko na litre 2, turbo, na farasi 200.

Njo uzuri wake, na njo hatari yake. Mutu hanunui gari kama hiyo ili itembee polepole. Karibu kila moja ilishaminywa na mwenye wa kwanza, wa pili ao wa tatu. Probox inachoka kwa mizigo na kilometa. Gari ya mbio inaweza kuchoka hata kama konteri inaonyesha kilometa kidogo.

Kwa nini zinafika huku

Japani, gari mupya inapitishwa ku kipimo cha serikali kisha miaka 3, halafu kila miaka 2. Kipimo hicho kina bei kubwa, na gari ya esansi ikipita miaka 13, kodi yake ya mwaka inapanda. Wengi wanaona ni afazali kuiachilia. Gari inaenda ku munada, kisha ku meli.

Lakini si kila inchi ya eneo inaipokea. Kenya haikubali kuandikisha gari ya okazio yenye kupita miaka 8. Uganda, tangu mwaka 2018, ilifunga mulango kwa gari zenye miaka 15 ao zaidi. Tanzania haikuweka ukuta kama huo, ila inaongeza kodi juu ya gari za zamani. Matokeo ni rahisi kuelewa: pale jirani wanapokaza sheria, gari iliyokataliwa inatafuta fasi yenye vipimo kidogo. Inashuka Mombasa ao Dar es Salaam, inapanda kama muzigo wa kupita, inavuka Kasindi, Mahagi ao Aru, na inaishia mu parking ya muji wa kwetu ikiwa imepigwa rangi na kusafishwa vizuri.

Kwa hiyo swali la kuuliza si "gari hii ni ya mwaka gani" tu. Ni pia "kwa nini iliuzwa, na iliuzwa mara ngapi?"

Jina ku mulango si jina la motere

Neno Sport ao RS ni kipande cha plastiki. Kila mutu anaweza kulinunua na kulibandika. Chenye hakidanganyi upesi ni namba ya shasi. Gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazina ile namba ndefu ya alama 17 kama gari za Ulaya. Ziko na herufi na tarakimu chache, kistari, kisha namba ya gari yenyewe. Zile alama za mwanzo zinaeleza gari ni ya namna gani.

Swift Sport ya 2005 mpaka 2010 inaanza na ZC31S. Ikiwa imeandikwa ZC11S, ni litre 1,3. ZC21S ni litre 1,5. ZC71S ni litre 1,2. Hizo ni Swift za kawaida, hata kama ziko na mapambo. Vitz RS ya kizazi cha kwanza ni NCP13, ya pili ni NCP91. Ukikuta SCP90, ni Vitz ya litre 1,3. RunX yenye motere ya nguvu ni ZZE123. NZE121 ni ile ya litre 1,5. Mununuzi mwenye kujua alama hizi hawezi kulipa bei ya gari ya mbio juu ya gari ya kwenda sokoni.

Namba hiyo isomwe ku chuma chenyewe, hapana ku kibandiko peke yake, na iwe sawa na ile ya ku karatasi. Kama chuma kimekwaruzwa, kimechomelewa ao kimepakwa rangi mupya fasi ile tu, mazungumuzo yaishie pale.

Kuko karatasi mbili zenye faida kama gari imetoka Japani moja kwa moja. Ya kwanza ni karatasi ya munada: herufi R ao RA zinaonyesha kama gari ilishagongwa na kutengenezwa. Ya pili ni cheti cha kutoa gari Japani, kwani kinaandikwa kilometa zilizosomwa ku kipimo. Kama cheti kinasema kilometa 140 000 na konteri inaonyesha 68 000, hakuna tena cha kuuliza. Kama karatasi hizi hazipatikane, angalia pedali, kiti cha dereva, volani na kichwa cha vitesi. Vitu hivi vinachakaa kwa kweli, na konteri inarudishwa kwa dakika chache.

Motere ipimwe ikiwa baridi

Mwenye kuuza mwenye kujua kazi anawasha gari mbele mununuzi hajafika. Motere yenye joto inaficha mambo mingi. Njo maana ni vizuri kufika asubui bila kutangaza saa, na kugusa kapo kwanza. Ikiwa na joto, rudi siku ingine.

Mbele ya kuwasha, fungua kifuniko cha mafuta ya motere. Uchafu mweupe kama maziwa yaliyoganda unaweza kumaanisha maji yanaingia ndani ya mafuta. Fungua radiatere, tena ikiwa baridi: mafuta yakielea juu ya maji, ni alama mbaya ileile. Kisha mutu mumoja awashe, mwingine asimame nyuma. Moshi wa bluu ni mafuta ya motere yanayoungua. Moshi mweupe usioisha hata motere ikipata joto ni maji. Moshi mweusi ni esansi mingi kuliko hewa.

Kwa gari yenye turbo, kama Golf GTI, iachwe iwake dakika kadhaa bila kutembea, kisha iminywe. Kama inatoa wingu la bluu, turbo ao motere inakula mafuta. Kwa RunX ya farasi 190, kuko kipimo kingine: motere ikishapata joto, karibu na mizunguko 6 000 inapashwa kubadilisha sauti na kuvuta zaidi, kama mutu aliyeamka. Kama haibadiliki, ile sehemu ya juu ya motere imechakaa ao mafuta yamepungua, na mununuzi analipia nguvu yenye haiko tena.

"Ni ju ya mulima": uongo wenye nusu ya kweli

Gari ikivuta vibaya, jibu la haraka la komisyonere ni hili: huku ni juu, hewa ni kidogo. Ni kweli kwa sehemu. Goma na Bukavu ziko karibu metre 1 500 juu ya bahari, na Butembo iko juu zaidi. Motere isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila metre 1 000. Swift Sport ya farasi 125 inabaki na kama 105 ikiwa Bukavu, hata ikiwa mupya.

Lakini mulima unapunguza silinda zote sawasawa. Makanika akifungua mabuji na kupima kompresyo ya kila silinda, namba zinapashwa kukaribiana. Kama tatu ziko sawa na moja iko chini sana, hapo si mulima: ni motere. Kipimo hiki hakichukue saa nzima, na bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya motere ingine. Mwenye kuuza akikatala mabuji yafunguliwe, tayari amejibu.

Esansi ya ku bidon

Kuko jambo ambalo wengi wanalisahau. Motere ya RunX Z Aerotourer, ya Swift Sport na ya Golf GTI zilitengenezwa kwa esansi ya kiwango cha juu. Huku kwetu, pampu ikikauka, watu wanakimbilia kwa bakadhafi, wauzaji wa chupa na bidon kando ya barabara. Esansi ile inaweza kuwa safi, lakini inaweza pia kuwa imechanganywa na maji ao petroli ya taa. Probox inaweza kuvumilia siku kadhaa. Motere ya kukaza sana haivumilie: esansi inawaka mbele ya wakati wake, na inagonga pistoni kama nyundo ndogo.

Sauti yake inasikika gari ikipanda mulima kwa vitesi ya juu: tik-tik-tik ya chuma. Ukiisikia siku ya kujaribu, ujue gari ilishaanza kuumia. Na ukinunua hata vile, hesabu ya kila mwezi inapashwa kuhesabia esansi nzuri.

Vipuri: uliza mbele ya kupenda

Hapa njo watu wengi wanaangukia. Vitz RS haina nguvu nyingi kuliko zingine, lakini ile ya kizazi cha pili, litre 1,5, iko na motere inayoitwa 1NZ-FE. Ni motere ileile ya Probox ya litre 1,5, ya Fielder na ya IST ya litre 1,5. Makanika wa kila kona anaijua, na vipuri vyake viko ku soko, vipya na vya okazio.

RunX ya farasi 190 inaonekana kama Corolla, lakini motere yake, 2ZZ-GE, si ya Corolla za kawaida. Ikivunjika, kupata ingine ni safari. Swift Sport iko katikati: ndugu zake wa litre 1,6 wako, ila vipande vya ndani si vyote vinafanana. Golf GTI inaomba makanika mwenye kompyuta na mwenye kujua. Mukanda wa distribisyo ukikatika, motere inaharibika. Vitesi yake ya DSG inaomba mafuta yabadilishwe kila kilometa 60 000. Na kuko kipande kidogo kinachosukuma pampu ya esansi ambacho kinachakaa. Kikipasuka, kinakula shafti ya juu. Kama mwenye kuuza hajue hata swali hilo linahusu nini, ni kusema hakuna mutu aliyeangalia.

Zoezi rahisi: mbele ya kununua, mununuzi apite ku maduka matatu ya vipuri, aulize bei ya diski za freni, ambreyaji na amortisere za gari ile. Kama wote watatu wanasema "tutaagiza Kampala ao Dubai", gari ikilala, italala miezi.

Chini ya gari na juu ya mawe

Gari hizi ziko chini, na wengi walizishusha tena kwa kukata ama kubadilisha springi. Juu ya lami ya Nagoya hakuna shida. Juu ya mawe ya volkano ya Goma, ao mu tope ya barabara za Ituri wakati wa mvua, ni shida kila siku. Gari ipandishwe, ao ipelekwe ku shimo la garaji. Angalia karteri kama imegongwa na kuzibwa kwa gundi, amortisere kama zinavuja, mipira midogo ya kardani kama imepasuka. Zungusha kila janti na uangalie upande wake wa ndani, kwani ufa unajificha pale.

Mipira nayo iko na tarehe. Pembeni kuko tarakimu nne: 2316 ni kusema juma la 23 la mwaka 2016. Mupira wenye kuonekana mupya lakini wenye miaka kumi umekauka, na kwa mwendo mukali unaweza kupasuka.

Volani ya kuume na jaribu la barabara

Mu Kongo watu wanatembelea upande wa kuume. Japani, Uganda, Kenya na Tanzania wanatembelea kushoto, na volani ya gari zao iko kuume. Huku, dereva wa gari ya namna ile akiwa nyuma ya camion haone barabara mbele. Ili aone, anapashwa kutoa karibu gari nzima. Ukiongeza farasi 190 na haraka ya kijana, unapata ajali kabla ya kupata hesabu yake. Hakuna kipuri cha kutengeneza hilo. Ni kuacha nafasi, na kukubali kungoja.

Kuko gari zilizogeuzwa volani kutoka kuume kwenda kushoto. Hapo uangalizi uwe mara mbili: kuchomelewa kwa chuma cha mbele, nguzo ya volani, na namna pedali ya freni ilivyounganishwa. Kazi hiyo ikifanywa vibaya, freni ao volani inaweza kukataa bila kutoa alama.

Ku barabara, jaribu lifanyike na makanika akiwa ndani. Fungua ufunguo bila kuwasha: taa ya erbagi inapashwa kuwaka, kisha kuzimika. Kama haiwake hata kidogo, kuko mutu aliyeitoa ili isiseme. Weka vitesi ya nne juu ya mupando na uminye: kama motere inalia zaidi lakini gari haikimbie zaidi, ambreyaji imekwisha. Rudisha kutoka vitesi ya tatu kwenda ya pili: kama inasaga, bwati imechoka. Achilia volani kidogo fasi tupu: gari ikivuta upande mumoja, uliza ni nini kiligongwa. Halafu minya freni kwa nguvu mara moja. Inapashwa kusimama moja kwa moja, bila kutetemeka.

Karatasi na franga

Gari nzuri yenye karatasi mbaya ni gari ya mutu mwingine. Mununuzi aombe kitansi ya duwani ya DGDA, karatasi ya kipimo ya OCC, karte roze yenye jina la mwenye kuuza, vinyeti, asiransi na karatasi ya kontrole tekniki. Gari yenye plaki ya Uganda haijulikane kuwa imelipa duwani ya Kongo mpaka karatasi ya DGDA ionekane, hata komisyonere aapie nini. Na tuombe kujua: komisyonere anapata franga yake siku gari inauzwa, hapana siku inatembea vizuri.

Hali ya usalama imefanya jambo hili kuwa zito zaidi. Wakati wa vita na uporaji, gari zinabadilisha mikono bila karatasi. Tena, tangu mabenki mengi ya Goma na Bukavu yalifunga mwanzoni mwa mwaka 2025, watu wanalipana dola ku mukono ao kwa simu. Bila alama ya benki, mukataba wa kuuza unabaki ushahidi mukubwa. Uandikwe namba ya shasi, namba ya motere, bei, tarehe, kopi ya karte ya kila mumoja, na mashahidi wa pande mbili. Afazali uwekwe sahihi mbele ya noteri. Franga yote isitoke mbele karatasi hazijapelekwa kuhakikishwa ku ofisi zenyewe.

Nani anabeba hatari?

Mufano wake ni rahisi kuuwaza. Kijana anapata zamu yake ku likelemba, anaongeza deni la mujomba, ananunua RunX inayonguruma. Mwezi wa pili motere inagonga. Gari inasimama mu lupango, deni linatembea. Japani walishapata franga yao, wenye meli pia, duwani pia, komisyonere pia. Mutu wa mwisho njo anabeba yote. Na freni zikikataa, wanaobeba ni pia abiria, na mama mwenye kuuza mboga kando ya barabara.

Kontrole tekniki ya kweli, yenye kuangalia freni na shasi kuliko kuuza karatasi, ingepunguza hatari hiyo. Mpaka siku hiyo, kipimo ni cha mununuzi mwenyewe. Makanika asichaguliwe na mwenye kuuza. Gari ionekane mara mbili, asubui ikiwa baridi na tena mu barabara. Na franga ya kutengeneza, angalau sehemu ya tano ya bei, ibakie nyumbani mbele ya kununua. Mwenye hawezi kuibakiza, gari hiyo si ya kwake bado; Vitz ya kawaida itamufikisha fasi ileile, na jioni atarudi nyumbani.